Kigingi Chenye Utepe Mwekundu

Mara ya tatu tulipokwenda kuitazama ile nyumba, mimi kichwani nilikuwa nimeshahamia. Nilishajua kitanda cha mwanangu wa pili kitakaa chini ya dirisha gani. Nilishaamua kwamba banda la nyuma litakuwa chumba changu cha kuandikia. Njiani nilikuwa nimeanza kusema "kwetu". Mume wangu alikuwa ndani na dalali, wanafungua na kufunga mabomba. Mimi nikashuka na shamba peke yangu hadi kwenye uzio wa bondeni, ule wa waya uliolegea, nisimame tena mahali nilipopapenda siku ya kwanza.

Ukiegemea nguzo pale, mbele yako hakuna kitu. Ni nyasi tu zinazopanda kilima taratibu, na juu kabisa mti mmoja uliopinda.

Siku hiyo kulikuwa na kitu.

Kigingi cha mbao, urefu wa goti, kimepigwa kwenye nyasi hatua kama kumi ng'ambo ya uzio. Kichwani kimefungwa utepe mwekundu. Ubavuni mtu ameandika kwa wino mzito herufi moja na namba mbili. Nikatazama kulia, nikaona cha pili, na cha tatu. Vilipanda kilima kwa mstari ulionyooka, vikiachana umbali uleule, mpaka karibu na ule mti.

Nilirudi juu bila kumwambia mtu. Dalali akaniuliza, "Umepaonaje, dada?" Nikasema pazuri, na haukuwa uongo. Garini mume wangu alisifia nguvu ya maji ya bomba kwa dakika ishirini. Nilimwacha asifie.

Hii ni wiki ya sita tangu siku hiyo. Kile kigingi hakijaniondoka, na njia pekee ninayoijua ya kung'oa vitu vya namna hiyo ni kuviandika.

Ekari tano ni ngapi?

Tangazo lilisema nyumba na ekari tano, pembezoni mwa mji unaokua. Nina hakika nilisoma nusu ya kwanza tu. Mtu aliyekulia vyumba vya kupanga akisikia ekari tano, anasikia mwisho wa redio ya jirani. Hapigi hesabu.

Hesabu nilikuja kuipiga baada ya kigingi, na niliipiga kwa hasira. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Tano ni kama 20,230, karibu viwanja vitatu vya mpira wa miguu. Si haba. Lakini ramani ya hati yetu (naiita yetu, mnisamehe) inaonyesha kipande chenye upana wa mita 50 barabarani, kinachoteremka mita 405 mpaka bondeni. Huo ni utepe. Ukisimama katikati yake, jirani wa kushoto yuko mita 25 na wa kulia yuko mita 25. Nyumba tunayoishi sasa iko karibu na majirani zaidi ya hapo, sawa, lakini hailimwi, haifyekwi, na haituombi tuendeshe gari saa nzima.

Umbo nalo lina gharama yake. Ekari tano za mraba zingezungushiwa uzio wa mita 569. Hizi zinataka 910. Ukichimbia nguzo kila baada ya mita tatu, ni nguzo 190 kwa zile na 303 kwa hizi. Ardhi ni ileile, nguzo zimezidi mia moja na kitu, kwa sababu tu ya namna shamba lilivyochanwa.

Cha kuchekesha ni kwamba ekari yenyewe ilizaliwa ikiwa utepe. Katika Uingereza ya kale ilikuwa eneo ambalo mkulima na ng'ombe wake wa plau wangelimaliza kwa siku moja, na kwa kuwa kugeuza plau ile ilikuwa kazi nzito, walilima mistari mirefu: mita 201 kwa urefu, mita 20 kwa upana. Baadaye, mnamo 1620, mwanahisabati Edmund Gunter akabuni mnyororo wa kupimia wenye pingili 100 na urefu wa mita 20 na kidogo. Minyororo kumi ya mraba ndiyo ekari. Kwa hiyo neno ninalolitamka kana kwamba lina maana ya nafasi lilianza kama kipimo cha uchovu wa ng'ombe.

Siku hizi vipande vinakuwa virefu kwa sababu nyingine. Kila mrithi anataka pua ya shamba lake iguse barabara.

Nilichokipenda hakikuwa kinauzwa

Usiku mmoja sikupata usingizi, nikachukua daftari nikaandika mambo yote niliyoyapenda pale. Kimya. Upepo usiokatwa na ukuta. Giza la kweli usiku. Kilima. Ule mti.

Halafu nikaandika mbele ya kila moja ni mali ya nani.

Kimya ni cha watu ambao hawajajenga bado. Upepo unapita kwenye shamba la mwingine kabla ya kunifikia. Giza ni la taa ambazo hazijawashwa. Kilima si chetu, na mti umo kwenye kilima. Kati ya yote matano, hakuna hata moja lililokuwa ndani ya ile mistari minne ya ramani. Ndani ya mistari kulikuwa na nyumba yenye paa linalohitaji kuangaliwa, banda, kisima, nyasi, na nguzo 303.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kalamu kwa muda mrefu.

Tulikuwa tunataka kununua ekari tano na kuazimwa hamsini. Muuzaji hakutudanganya, maana zile hamsini hakuwahi kuziuza. Dalali naye hakudanganya; alisimama tu mahali sahihi, akanyoosha mkono kuelekea kilimani, akanyamaza. Dalali mzuri anajua wakati wa kunyamaza.

Asubuhi nilimwambia mume wangu habari za vigingi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo umejua wiki mbili nzima?"

Hilo nalo tulilimaliza, lakini si siku hiyo.

Rangi ya njano

Tulikwenda ofisi ya mipango miji. Nilitegemea kuhangaika, lakini ramani ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango, yeyote anaweza kuisoma. Shamba letu lilikuwa ndani ya rangi ya njano. Kilima chote, njano. Kijana wa pale kaunta alifuata mpaka kwa ncha ya kalamu yake na kusema kwa upole, "Dada, hapa pote ni makazi. Pamepangwa zamani." Hakuelewa kwa nini nilikuwa nimetoa macho. Kwake ile haikuwa habari.

Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tumekagua paa, nyaya, mabomba na mchwa, na hatukuwahi kufikiria kwenda kutazama ukuta ule.

Upekuzi wa hati nao ulitoa lake. Upande mmoja wa shamba, kwa urefu wote, kuna ukanda wa mita sita uliosajiliwa kama haki ya njia, kwa ajili ya bomba kuu la maji ambalo halijalazwa. Unaweza kupita juu yake, unaweza kuotesha nyasi, lakini hujengi wala hupandi miti mikubwa. Mita sita mara 405 ni mita za mraba 2,430. Zaidi ya nusu ekari, ambayo tungeilipia, tungeifyeka, na siku moja tungeamka tukakuta katapila.

Mume wangu aliliona bomba kwa jicho zuri. Maji ya mji yatafika! Mimi nililiona kwa jicho baya kwa sababu hiyohiyo. Bomba kuu halilazwi kwa ajili ya familia moja.

Barabara nayo ni vilevile. Tangazo lilijisifu kwamba inapanuliwa, nasi tukafurahi, maana safari ya kwenda kazini ingepungua. Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu kwa kawaida hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, na kwamba kasi ikiongezeka watu hawabaki na muda zaidi, wanahamia mbali zaidi. Anayetembea kwa miguu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, mji wake unaishia kama kilomita mbili na nusu kutoka katikati. Mwenye gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, mji wake unaishia kilomita 20. Barabara ikipanuliwa, haitufikishi sisi mjini peke yetu. Inawafikisha maelfu ya wengine kwenye uzio wangu wa bondeni, kwa saa ileile moja.

Kupe

Katika kusomasoma usiku nilikutana na kesi moja ya zamani, na ndiyo iliyonigeuza.

Nje kidogo ya Cleveland, katika jimbo la Ohio, Marekani, kulikuwa na kijiji kinachoitwa Euclid. Mji ulikuwa unakifuata. Mwaka 1922 kijiji kikapitisha sheria ya kugawa maeneo: hapa nyumba za familia moja, hapa maghorofa, hapa viwanda. Kampuni ya Ambler, iliyokuwa na ekari 68 pale na iliyotaka kuuza kwa wenye viwanda, ikashtaki kwamba imepunguziwa thamani ya ardhi yake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1926 kijiji kikashinda.

Nilifurahi kama vile nimeshinda mimi. Nikasema, kumbe watu wa pembezoni wanaweza kujilinda.

Kisha nikasoma hoja za Jaji George Sutherland, aliyeandika hukumu. Kuhusu majengo ya kupangisha yanayoingia kwenye mitaa ya nyumba za familia moja, alisema mara nyingi ni vinyonyaji tu. Kupe, kwa lugha yetu. Yamekuja kunufaika na nafasi wazi na mandhari nzuri iliyotengenezwa na wengine, kisha yanaiua.

Nilisoma sentensi hiyo mara nne.

Mimi nilikuwa nimekulia kwenye majengo ya namna hiyo, hilo kwanza. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba maelezo yale yalikuwa yananielezea mimi wa leo, na ekari zangu tano. Nani anakwenda kunufaika na nafasi wazi ambayo hakuitengeneza? Nani anaongeza gari mbili kwenye barabara ile, tangi moja la maji taka kwenye udongo ule, taa za nje kwenye giza lile? Wenye vigingi angalau wanabanana kwenye vipande vidogo. Mimi nataka mita za mraba 20,000 na kilima cha bure juu yake, halafu nalia kwamba kupe wanakuja.

Miaka ya 1930 msanifu majengo Frank Lloyd Wright alichora mji wa ndoto akauita Broadacre City, ambamo kila familia ingekuwa na angalau ekari moja. Nilipiga hesabu ya huo pia (nilikuwa nimeshakuwa mgonjwa wa hesabu). Familia milioni moja, ekari moja moja, ni kilomita za mraba 4,047. Mraba wenye zaidi ya kilomita 63 kila upande, kabla hujaweka barabara hata moja wala shule. Unaanzia wapi kwenda kumsalimia shangazi?

Na zile ekari 68 za Euclid? Zilikaa miaka mingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikajengwa kiwanda.

Maji hayasomi hati

Nilidhani hapo nitaacha. Lakini mume wangu ni mtu wa vitu vinavyoshikika, na alisema hatuwezi kukataa nyumba kwa sababu ya jaji aliyekufa. Tumlete mtaalamu wa udongo.

Alikuja na koleo, ndoo, rula ya chuma na saa ya mkononi. Basi. Alichimba mashimo mawili, moja juu karibu na nyumba, jingine bondeni si mbali na kisima, akayajaza maji yalale usiku kucha ili udongo ushibe. Kesho yake akayajaza tena, akachomeka rula, akachuchumaa. Nami nikachuchumaa kando yake.

Shimo la juu maji yalishuka ukiyaona. Milimita 25 kwa dakika kumi na nane. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bondeni tulikaa nusu saa. Uso wa maji ulikuwa kama umegandishwa. Mdudu mmoja mweusi alianguka ndani, akaogelea kuzunguka rula, akapanda, akaondoka. Mtaalamu akasoma: milimita nne. Akachukua bonge la udongo, akalisokota kati ya viganja likawa uzi mrefu, akauviringisha kidoleni kama pete. Haukukatika. "Mfinyanzi," alisema. "Huu hata ukiubembeleza haunywi."

Maana yake nitaieleza kwa kifupi, kwa wale wenye mabomba ya mji ambao hawajawahi kujiuliza vinakwenda wapi wanavyovimwaga. Tangi la maji taka kazi yake ni kutuliza tu: mazito yanazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye mitaro ya changarawe, na udongo ndio unaoyasafisha. Udongo ukikataa kunywa, mfumo umekufa. Tangi linatakiwa kunyonywa tope kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mzee mwenye nyumba alipoulizwa alinyonya lini, alijibu kwa fahari, "Halijawahi kujaa." Mtaalamu akainamisha kichwa. Alinieleza baadaye kwamba tangi lisilonyonywa halifuriki. Linasukuma tope lake polepole kwenda mitaroni, mpaka udongo unaziba. Ukija kujua, umeshachelewa, na unatafuta mahali pengine pa kuchimba.

Mahali pengine panapokunywa ni huku juu. Na huku juu ndiko ule ukanda wa mita sita unapoanza kula upana.

Lakini yeye hakuwa anatazama kwetu. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anahesabu vigingi.

"Vipande ishirini na vinne," alisema. "Kila kimoja tangi lake. Na kilima chote kinateremkia hapa."

Kisima chetu kilikuwa nyuma yake.

Mvua ya milimita kumi, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya jioni, ikinyesha kwenye ekari tano ni zaidi ya lita 202,000. Nyasi zinakunywa sehemu kubwa. Bati na saruji hazinywi chochote. Panda kile kilima mapaa ishirini na manne, magari yaegeshwe kwenye saruji, na barabara ya ndani iwe na lami, uone yote yanaelekea wapi. Hakuna uzio wa nguzo 303 unaozuia hilo. Mpaka niliokuwa nauhesabia nguzo ni wa watu na ng'ombe. Maji yana ramani yao.

Ajabu ni kwamba siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Hofu ya kupoteza mandhari ni hofu ya aibu, huwezi kuieleza mbele ya watu. Kisima ni jambo unaloweza kulipigia simu.

Nilivyozungumza na mzee

Nilikwenda peke yangu, siku ya kazi. Nilimkuta anafyeka kando ya njia, polepole, mkono mmoja mgongoni. Nyuma yake palikuwa safi, mbele yake palikuwa bado, na kwa mwendo ule ungejua kwamba akifika mwisho, mwanzo utakuwa umeota tena. Mtu akikuambia anatafuta ekari tano apumzike, mwonyeshe fyekeo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhesabu tena?"

Kumbe alinijua. Tukakaa kwenye kibaraza. Nikamuuliza moja kwa moja kuhusu kilima, nikiwa nimejiandaa kumkasirikia. Akasema lile lilikuwa shamba la kaka yake, marehemu sasa, na watoto wa kaka wameuza. Wako mbali, hawakuwahi kulima, wafanye nini nalo? Aliambiwa baada ya mambo kwisha. Aliyasema haya akiwa anatazama fyekeo, akilifuta majani kwa kidole gumba, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

"Ndiyo maana unauza?" nikamuuliza.

"Nauza kwa sababu ya magoti."

Tukanyamaza. Baadaye akaniambia habari ambayo nimeifikiria zaidi ya Euclid. Alipokuja kujenga pale, miaka mingi iliyopita, ile barabara ilikuwa njia ya kupitisha mifugo. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi ng'ambo, peke yake, na bibi yule alikuja siku ya pili ya ujenzi akasimama akitazama mafundi wanapanga mawe ya msingi. Hakusema kitu. Alisimama tu, akaondoka. Mzee alidhani amekuja kusalimia, akaona hajui adabu.

"Nilikuja kumwelewa juzi," alisema, "nilipoviona hivyo vijiti."

Aliviita vijiti.

Nikamuuliza bibi huyo baadaye alikuwaje. Akacheka. Alisema alikuwa jirani mzuri kuliko ndugu zake. Aliwatazamia watoto. Alikuwa na desturi ya kuchota maji kisimani pale kila jioni, maana cha kwake kilikuwa mbali, na mzee hakuwahi kumzuia.

Kisima kilekile.

Tulipofika

Tumepeleka masharti. Bei ishuke kwa kiasi cha ule ukanda, na kwa kiasi cha mitaro mipya ya maji taka huku juu. Maji ya kisima yapimwe maabara kabla ya kusaini, ili siku yakibadilika tuwe na cha kulinganisha. Mpimaji afukue mawe ya mipaka yote manne na tuyaone kwa macho, kwa sababu uzio wa waya hauthibitishi kitu. Na tumeandika barua kwenye ile ofisi yenye ukuta, tukiuliza maji ya mvua ya kilima kizima yatapelekwa wapi. Kijana wa kaunta alisema barua za namna hiyo huwa haziji mpaka nyumba zimejaa maji. Ameipiga muhuri.

Mume wangu anataka tupande miti bondeni, mistari miwili, kuziba mtazamo. Mimi bado sijui. Kuna siku naona ni busara, na kuna siku namwona yule bibi akitazama ukuta wa majani.

Kuna siku pia naona tuache kabisa, tubaki na redio ya jirani. Juzi usiku ilizimwa mapema, nikajikuta naamka kuuliza kama yuko salama.

Jumamosi tulirudi na mpimaji. Jiwe la tatu lilikuwa bondeni, chini ya udongo wa kiganja kimoja, karibu mita mbili ndani ya uzio kuliko tulivyodhani. Maana yake nguzo ile niliyoiegemea mara zote tatu haikuwa hata kwenye ardhi ya mzee. Nilikuwa naegemea kilima.

Nilipoinua kichwa, ng'ambo kulikuwa na watu wawili, vijana, mwanamke na mwanamume, wameshika karatasi iliyokunjwa. Walikuwa wanatafuta namba kwenye vigingi. Mwanamke akakipata kile cha kwanza, cha goti, akainama akasoma ubavuni, kisha akaanza kupima kwa hatua: moja, mbili, tatu, akirefusha mguu ili ziwe za mita. Alifika kumi na tano akasimama, akazunguka, akatazama upande wetu. Alikuwa anatazama nyasi za mzee, na banda, na anga iliyo juu ya banda, kwa uso ninaoujua.

"Hodi jirani!" aliita. "Samahani dada, hapa maji yanapatikana?"

Mume wangu alinigeukia. Mpimaji alikuwa bado amepiga magoti, anasugua udongo kwenye jiwe.

"Yapo," nikasema. "Karibuni." Kisha nikakumbuka kwamba bado hatujasaini.